Mmea Kwanza, Tao Baadaye

Kila masika yanapokaribia, mafundi wa kuchomelea hapa Tanga hutoa matao nje na kuyaegemeza ukutani, kando ya barabara. Mengine meupe, mengine meusi, yote yamepindwa vizuri kwa juu kama mpini wa kikapu. Mtu anapita na gari, anapunguza mwendo, anauliza bei, wanavutana kidogo, tao linapakiwa kwenye guta, na kabla ya magharibi limeshasimama kwenye njia ya kuingilia nyumbani kwake. Kesho yake anakwenda kwa wauza miche na kuuliza: nina tao, nipande nini?

Nimelisikia swali hilo mara nyingi, na mimi mwenyewe nimewahi kuliuliza. Leo nataka kusema wazi kwamba limeanzia mwisho. Kinachochaguliwa kwanza ni mmea. Ukishajua ni mmea gani, unaujua uzito wake, unajua unavyokwea, unajua utakaa miezi minne au miaka ishirini, na hapo ndipo unapoweza kumwambia fundi akutengenezee nini.

Tao langu la kwanza lilikuwa la bomba jembamba la inchi moja, bei nafuu, rangi nyeupe. Nilipanda bogenvilia ya zambarau pande zote mbili kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikichanua kitaluni siku ile. Mwaka wa kwanza wapita njia walisimama kupiga picha. Mwaka wa pili ikafika juu na kuanza kujazana. Masika ya mwaka wa tatu, baada ya mvua ya usiku kucha na upepo wa kusi, tulifungua mlango tukalikuta limelala njiani, limevunjika miguu yote miwili pale pale linapoingia ardhini. Nilipolishika bomba, kipande kilimeguka kikabaki kiganjani kama ganda la karanga. Ndani mlikuwa na maji meusi na kutu iliyokula chuma chote. Nje rangi ilikuwa bado nyeupe. Tulihitaji vijana wanne na panga mbili kuifungua njia.

Fundi yule alikuwa ametengeneza alichoombwa. Hakuna aliyemwambia tao litabeba nini, kwa sababu hata mimi sikuwa nimeamua.

Mimea haikwei kwa namna moja, na uchaguzi wote unaanzia hapo. Charles Darwin aliona jambo hili ni zito kiasi cha kuliandikia andiko zima, lililochapishwa mwaka 1865. Alikuwa mgonjwa, na kutwa nzima chumbani alikuwa akizitazama ncha za mimea zikizunguka hewani polepole, zikitafuta cha kushika. Huhitaji kuwa Darwin kuona alichokiona. Kaa asubuhi moja karibu na mpasheni, ambao wazee wengine wanauita mkarakara. Kikono chake kikiwa kichanga kimenyooka kama uzi wa kijani, ncha imepinda kidogo. Siku moja nilikisugua taratibu kwa njiti ya kibiriti, upande wa ndani wa ile ncha, halafu nikaiacha njiti imegusana nacho. Kabla sijamaliza kikombe cha chai, ncha ilikuwa imeanza kuizunguka. Baada ya siku mbili kikono kizima kilikuwa kimejisokota kama springi, nusu kuelekea upande mmoja na nusu upande wa pili, kikauvuta mmea karibu na waya wake. Ndiyo maana upepo wa Pwani unauyumbisha mpasheni na hauukati: umefungwa kwa springi mia.

Sasa upe mmea huo bomba nene la inchi mbili lililopakwa rangi ya kung'aa. Kikono hakiwezi kulizunguka. Kitapapasa, kitakauka, na mmea utaanguka chini na kutambaa kwenye nyasi huku mwenye nyumba akilalamika kwamba miche aliyouziwa ni mibaya. Mpasheni unataka kitu chembamba kama penseli au chini ya hapo: waya, kamba, kijiti. Tao lake liwe imara kwenye miguu, lakini katikati ya miguu hiyo pawe na nyuzi zilizotandwa.

Mimea mingine haina vikono, inajisokota yenyewe mwili mzima. Fiwi hufanya hivyo, na ngwara pia. Hii inapenda nguzo nyembamba iliyosimama wima, na haipendi utelezi. Kwenye bomba lililopakwa rangi huteleza na kushuka kila mvua inaponyesha. Dawa yake tunayo hapa hapa mkoani. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa miche michache tu iliyosalimika safarini, na mpaka leo kamba yake inauzwa sokoni. Izungushe kwenye bomba kuanzia chini hadi juu, mizunguko ikiachana kama vidole vitatu, na mmea utapata pa kukanyaga. Kamba hiyo hiyo ifungie matawi. Waya wa kufungia nondo, ambao wengi huutumia kwa sababu haugharimu kitu, huukata mmea shingo unaponenepa. Funga mkonge kwa umbo la namba nane, tundu moja likiwa la nguzo na jingine la tawi, na tundu la tawi liwe na nafasi ya kidole.

Kundi la tatu halishiki chochote. Bogenvilia, waridi linalokwea na asumini hurefusha matawi na kuyaegemeza popote, bogenvilia na waridi zikijisaidia kwa miiba. Hii usipoifunga kwa mkono wako haitapanda tao hata siku moja, itasimama kando yake kama kichaka. Kundi la nne, la mtambuu, pilipili manga na vanila, hujinatisha kwa vijizizi kwenye gome la mti. Usilipeleke kwenye chuma. Chuma cha saa saba mchana hapa Pwani huunguza vijizizi hivyo, na mimea hii kwa asili ni ya kivulini. Kama una mwembe au mnazi karibu na birika la maji, mtambuu utakaa vizuri hapo kuliko kwenye tao lolote.

Kinachotupoteza wengi ni picha. Kwenye simu zetu zimejaa bustani za Uingereza na Ufaransa, matao yamevikwa waridi kutoka ardhini hadi juu. Claude Monet, yule mchoraji, aliishi Giverny kuanzia 1883 hadi alipofariki 1926, na njia kuu ya bustani yake ilipita chini ya mfululizo wa matao ya chuma yaliyobeba waridi. Ni kitu kizuri mno, sina ubishi. Lakini kule baridi ndiyo mpogoaji mkuu. Miezi kadhaa ya mwaka mmea unalala, hauongezi hata jani moja, na mwenye bustani anapata nafasi ya kukata, kufunga na kupaka rangi chuma chake. Hapa Tanga hata usiku wa Julai hauna baridi ya kweli. Mmea haulali. Unakua Januari, unakua Juni, unakua mkiwa safarini. Kwa hiyo tao la kwenye picha, likiletwa hapa kwa vipimo vile vile, linabeba mzigo ambao aliyelichora hakuufikiria, na mkasi unaotumika mara moja kwa mwaka kule, huku unatakiwa kila baada ya miezi miwili.

Waridi lenyewe nalo lina kwake. Panda Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari, uone linavyokwea kuta za nyumba za zamani bila kubembelezwa. Ni mkoa wetu huu huu, na mtu anaweza kunywa chai Tanga asubuhi akala chakula cha mchana Lushoto. Lakini mche ule ule ukishuka nao Tanga mjini, unyevu wa hewa unautia madoa meusi majanini, majani yanapukutika, na unabaki na fito zenye miiba. Wakazi wa Lushoto, Njombe, Arusha na Limuru wapande waridi kwa raha zao. Sisi wa Pwani tusijitese.

Bogenvilia basi. Pamoja na yaliyonipata, siwezi kuikana. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea Philibert Commerson aliikuta Brazili mwaka 1767, katika msafara wa baharini wa Louis-Antoine de Bougainville, na mmea ukachukua jina la mkuu wa msafara. Msaidizi wa Commerson alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyesafiri katika mavazi ya kiume, na ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Nadhani jina lake lingeufaa mmea huo zaidi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba rangi tunayoisifia si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichojificha katikati yake. Na mmea huu hutoa rangi kwa wingi zaidi unapobanwa kiu. Ukiumwagilia kila siku na kuurundikia samadi, utakupa majani mabichi na miiba mirefu, basi. Nimeona watu wakiung'oa kwa kudhani ni tasa, kumbe ulikuwa umeshiba. Mwagilia mpaka ushike, kama miezi mitatu, kisha uache. Kata mara tu rangi inapopukutika, kwa sababu rangi inayofuata itatoka kwenye machipukizi mapya. Na kama tao lako ni la njia wanayopita watoto wakikimbia, fikiria miiba ile iko usawa wa macho ya nani. Kwa tao la lango kubwa la gari bogenvilia inafaa sana. Kwa njia nyembamba ya kwenda mlangoni, sishauri tena.

Ninachoshauri kwa njia hiyo nyembamba ni kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho na sisi tumekisahau kwa sababu hakina rangi kali ya kupigia picha. Asumini.

Nyumbani kwetu Pangani mama ana asumini iliyokwea tao dogo upande wa baraza. Si mmea wa makuu. Haupandi zaidi ya mita mbili au tatu, haubomoi chuma, hauna miiba, unavumilia chumvi kiasi. Kutwa nzima unaweza kupita usiutambue. Saa kumi na moja jioni mama hutoka na kisahani. Huchuma yale matumba tu, yale meupe yaliyovimba ambayo hayajafunguka, na vidole vyake vinayatambua kwa kugusa, maana lililofunguka jana limelegea na lililo changa bado gumu na lina ukijani. Hulikata kwa ukucha pamoja na kikonyo kidogo ili apate pa kupitisha uzi. Akiketi barazani anayatunga moja moja, anaongeza kijitawi cha mrehani, na akiwa na mkadi huutia pia. Wakati adhana ya magharibi inamalizika matumba yanaanza kupasuka yenyewe ndani ya kisahani. Ifikapo isha nyumba nzima imeshanukia, na kikuba hicho alichokitunga kimeshabandikwa kwenye nguo ya mtu anayekwenda harusini.

Kwa hiyo asumini ina masharti mawili ambayo hutayapata kwenye maelezo ya muuza miche. La kwanza, ipandwe pale mtu anapokaa jioni, na si pale anapopita mchana. La pili, itazame upepo unakotoka. Mama aliiweka upande ambao upepo wa baharini ukivuma unapita kwanza kwenye asumini ndipo ufike barazani. Tao lake lina upana wa hatua moja tu, limezungushiwa kamba, na yeye hufunga matawi mapya kila baada ya wiki mbili akiwa amekaa kwenye kigoda. Hakuna ngazi wala panga.

Baada ya asumini mapenzi yangu yako kwa mpasheni, kwa sababu unalisha. Wenye kuishi nyanda za juu wapande ule wa matunda ya zambarau, na sisi wa joto ule wa matunda ya njano, ambao pia huhimili ugonjwa wa kunyauka unaoua mizizi ya mwenzake. Ila huu wa njano una siri yake. Ua la mche mmoja halijirutubishi kwa chavua yake lenyewe, linataka chavua ya mche mwingine usiooteshwa kwa tawi la mche huo huo. Watu hupanda mmoja, unafunika tao zima, unachanua, na hawaoni tunda. Panda miwili iliyotoka kwenye mbegu tofauti, mmoja kila mguu wa tao. Maua yake hufunguka karibu na adhuhuri, na wafanyakazi wake ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za paa na kutuudhi kwa kuvuma kwao. Tunawapulizia dawa, halafu tunashangaa pasheni hazishiki. Waacheni na kipande cha gogo kikavu pembeni wajichimbie. Pogoa baada ya kila msimu wa matunda, kwa sababu mpasheni huzaa kwenye tawi jipya, na usitegemee kuwa nao zaidi ya miaka minne au mitano. Huzeeka haraka. Kwa wenzetu wa Dodoma sina haja ya kusema mengi: wana mizabibu inayozaa mara mbili kwa mwaka, na kukaa chini ya kivuli cha mzabibu huku vishada vinaning'inia ni neema ambayo sisi wa Pwani tunaitazama kwa mbali.

Wapo wanaotaka ua tu, na ni haki yao. Kwao nataja mtambaazi wa Rangoon. Jioni ua lake hufunguka jeupe, kesho yake linageuka waridi, keshokutwa limekuwa jekundu kabisa, hivyo kishada kimoja kinabeba rangi tatu kwa wakati mmoja. Sababu inapendeza kuliko rangi zenyewe: weupe na harufu ya usiku wa kwanza ni wito kwa nondo wenye mirija mirefu, na wekundu wa mchana huwavuta nyuki na vipepeo. Ni mmea mzito ukikomaa, karibu na bogenvilia, kwa hiyo ujengewe tao la watu wazima.

Halafu uko mmoja tunaoufyeka kila siku. Ule mtambaazi mwembamba wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati, unaojisokota kwenye nyua za Usambara, Kilimanjaro na Nyeri. Wataalamu wanauita tunbergia, na asili yake ni huku kwetu Afrika ya Mashariki. Ulaya wanauza mbegu zake kwenye pakiti zenye picha, wanazipanda kila mwaka upya kwa sababu baridi huua mmea, na wanautandika kwenye matao yao madogo. Sisi wenye nao bure tunaukata tupande cha kununua. Kwenye tao jembamba la vijiti vya mwanzi unatosha na kubaki, na ukiuchoka unaung'oa kwa mkono mmoja.

Tahadhari nazo nizitaje. Alamanda, lile ua kubwa la njano linalopendwa sana Dar es Salaam, lina utomvu unaowasha na sumu tumboni, lisikae karibu na watoto wanaoonja kila kitu. Mtambaazi wa Meksiko wenye vishada vya waridi na majani ya umbo la moyo hujificha ardhini kwa viazi vyake, ukishaingia kwenye uzio wa jirani umekwisha kosana naye. Mkoa huu unajua gharama ya kupanda bila kuuliza. Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ikajaribu mimea ya kila pembe ya dunia, na baadaye ukapandwa musizi, mti wa ukanda wa Ziwa ambao nao si wa milima ile. Leo umesambaa ndani ya misitu ya Usambara Mashariki na kushika nafasi ya miti ya asili. Mtambaazi ulioko karibu na msitu au kijito uchaguliwe kwa uangalifu mara mbili.

Sasa ndiyo twende kwa fundi.

Mbao kwanza, maana wengi huzipenda. Nguzo za mikoko zilijenga miji yetu yote ya Pwani, lakini mikoko iliyobaki ina kazi kubwa zaidi baharini, na siku hizi haikatwi bila kibali. Mwanzi ni mzuri kwa mimea ya msimu. Ukiugusisha na udongo mchwa na uozo huumaliza kwa miaka miwili au mitatu, hivyo ufungie kwenye vipande vya nondo vilivyotangulia ardhini, mwanzi wenyewe ubaki juu. Kwa mpangaji asiyejua mwakani atakuwa wapi, mwanzi, ndoo mbili kubwa zilizotobolewa chini na mbegu za dodoki zinatosha. Ndani ya miezi mitatu au minne tao limefunikwa, madodoki machanga yameingia mchuzini, na yaliyokomaa yamekwenda bafuni.

Anayejenga wa kudumu achukue chuma, na kwa sisi tunaopigwa na hewa ya chumvi, kiwe bomba la galvanaizi la inchi moja na nusu lenye ukuta mnene. Mwambie fundi mambo matatu, na usiondoke mpaka umeona yamefanyika. Pale moto wa kuchomelea ulipopita, zinki imeungua, papigwe brashi na kupakwa rangi yenye zinki kabla ya rangi nyingine yoyote. Miguu izibwe chini kwa kipande cha chuma kilichochomelewa pande zote, maji yasiingie. Na zege la msingi, lenye kina cha nusu mita au zaidi, lisiishie chini ya udongo. Lipande juu vidole vitatu na liinamishwe pande zote kama paa, ili maji yakimbie mguu. Tao langu la kwanza lilikatika sentimita mbili chini ya udongo, palipokuwa pakilowa kila siku.

Vipimo. Matao mengi ya barabarani yana urefu wa mita mbili na upana wa sentimita tisini. Mwanamke wa kimo cha kawaida akibeba ndoo kichwani anafika mita mbili kamili, na mmea utaning'inia sentimita thelathini nyingine. Kwa hiyo mita mbili na nusu ndiyo mwanzo. Upana nao utaliwa na majani, kiganja na nusu kila upande.

Nilijifunza habari ya upana siku ambayo sikuwa nikifikiria bustani. Baba alipofariki, tao la mbele ya nyumba yetu Pangani lilikuwa lile ambalo kaka alilinunua tayari, limebeba bogenvilia nyekundu, na baba alilipenda. Wakati wa kutoka, jeneza lilifika hapo likakwama. Wabebaji wa pembeni hawakuwa na pa kupita. Ikabidi lishushwe mabegani, likabebwa chini kwa mikono, wawili mbele na wawili nyuma, huku mtu mmoja akishikilia matawi kwa kanzu yake isichanike shuka. Haikuchukua hata dakika moja. Kinamama waliobaki ukumbini waliona yote, na mama akiwa miongoni mwao.

Hakusema neno kuhusu jambo hilo mpaka eda ilipokwisha. Siku ya kwanza aliyotoka nje alisimama chini ya tao, akanyoosha mikono yote miwili pembeni, ikagusa majani kabla haijanyooka. Akamwambia kaka aliondoe. Lililopo sasa lina upana wa mita moja na nusu baada ya majani, si kabla. Bibi harusi amepita hapo akiwa na msindikizaji kila upande. Kitanda kimepita. Nami kila ninapoulizwa kipimo, nasema hicho, na nikiulizwa sababu naieleza.

Watu huniambia pia kwamba mimea ya kutambaa inaleta nyoka. Nyoka anafuata panya, mijusi na vyura, na hao wanafuata uchafu na maficho. Acha mguu wa tao wazi hadi usawa wa goti, ondoa majani makavu yaliyorundikana, usiache matofali na mabati ya zamani pembeni. Usiku pita na taa. Nyumba yenye rundo la mabati nyuma ya jiko ina maficho mengi kuliko tao lililopogolewa.

Mashimo yangu mawili yako tayari, sentimita arobaini na tano kila upande, nimeyajaza nusu samadi iliyooza na nusu udongo wa juu, na yako hatua moja mbali na zege. Kushoto ni pasheni mbili za njano, mbegu moja kutoka Muheza na nyingine kutoka sokoni Ngamiani, zitakazokuwa zinakatwa zisivuke katikati ya tao. Kulia ni asumini, kijitawi alichokiotesha mama kwenye kopo la maziwa tangu vuli, na sasa kina majani manane. Kamba ya mkonge imetundikwa mlangoni. Tunangoja mvua. Mama ameshapiga simu mara mbili wiki hii kuuliza kama nimekumbuka kuiweka asumini upande unakotoka upepo, na kama upande huo ndio wenye kiti.